Nilisoma kisima, nikaruka mtungi

Mjini Quanzhou, mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa Uchina, msikiti na hekalu ni majirani wa barabara moja, Tumen. Msikiti ni wa Qingjing, wa mawe, uliojengwa mwaka 1009, zama ambazo bandari ile ilijaa wafanyabiashara Waislamu. Hekalu ni la majemadari wawili waliokufa wakafanywa miungu, Guan Yu na Yue Fei. Ukitoka kuswali, hatua chache tu unakutana na watu wamepiga magoti mbele ya moshi wa udi.

Siku za kawaida palikuwa patulivu. Mosi na kumi na tano za mwezi wa Kichina ndipo palipokuwa hapapitiki: pikipiki zimeegeshwa ovyo, kina mama na vikapu vya matunda, vijana wa maofisini na simu zao mkononi. Nilikuwa nikisimama kando nikiwatazama wakitupa vile vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mfano wa mwezi mchanga, upande mmoja bapa, wa pili umebinuka. Mtu hutaja jina lake, anakoishi na shida iliyomleta, kisha huviachia vianguke sakafuni. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali. Vyote vikionyesha mgongo, amekataa. Vyote vikionyesha ubapa, amecheka: swali lenyewe halijakaa sawa, kalipange upya. Jibu hilo la tatu lilinifurahisha, maana kwetu sijapata kusikia mganga akikiri kwamba hajaelewa swali.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Nilikwenda Quanzhou mwaka 2015 kufanya kazi ya uwakala: wenye maduka wa nyumbani hunitumia oda, mimi huzunguka viwandani kutafuta bidhaa, kukagua na kupakia kontena. Vikombe vya kauri vya Dehua, viatu vya Jinjiang, mabomba ya maji ya Nan'an. Kamisheni yangu ni asilimia chache, na roho juu ni ya bure.

Nilipanga chumba ghorofa ya tatu. Ghorofa ya kwanza aliishi mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye nilimwita Laoshi, yaani mwalimu, kama mtaa mzima ulivyomwita. Jioni alikaa mlangoni na sinia la chai, vikombe vidogo kama vya kahawa ya Mombasa, chai ya Tieguanyin kutoka Anxi. Ukipita bila kukaa hukasirika. Basi nikawa nakaa.

Siku moja nilimkuta na sarafu tatu za shaba zenye tundu la mraba katikati, anazirusha juu ya meza na kuandika. Nikamuuliza kama ni mchezo. Akasema ni mazungumzo.

Nitaeleza hesabu yake, kwa sababu yeye mwenyewe alianza na hesabu kabla ya kusema lolote la maana ya mambo. Sarafu ina upande wa 3 na upande wa 2. Ukirusha tatu kwa pamoja na kujumlisha, huwezi kupata kingine ila 6, 7, 8 au 9. Saba na tisa ni mstari mzima, yang. Sita na nane ni mstari uliokatika katikati, yin. Unarusha mara sita na kupanga mistari kutoka chini kwenda juu, kama mwashi anavyopandisha ukuta. Mwisho una umbo la mistari sita, wao huliita gua, na magua yote ni 64. Sita na tisa ni mistari iliyozeeka: yin iliyochoka inageuka yang, yang iliyochoka inageuka yin, kwa hiyo gua ya kwanza huzaa ya pili. Kisha unafungua kitabu, Yijing, ambacho kiini chake ni cha zama za Zhou, kabla ya Kristo kwa karne nyingi, na kusoma maneno ya gua uliyopata.

"Katika mirusho minane," akaniandikia, "tegemea 6 mara moja, 9 mara moja, 7 mara tatu, 8 mara tatu." Akaongeza kwamba wazee wa kale hawakutumia sarafu bali vijiti 50 vya mmea, kimoja huwekwa kando, 49 hugawanywa tena na tena, na kwa njia hiyo 9 huja mara tatu zaidi ya 6. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko unabii wowote. Alipenda pia kusimulia habari za Leibniz, Mjerumani wa hesabu za sifuri na moja, ambaye mwaka 1703 alipokea mchoro wa magua 64 kutoka kwa padri Bouvet aliyekuwa Beijing, akaona hesabu zake mwenyewe zimekaa mle zikimsubiri. Sijui nilisimuliwa hadithi hiyo mara ngapi. Kila ikirudi, chai iliongezwa.

Nami nikamsimulia ramli. Nukta zinapigwa mchangani au karatasini bila kuhesabiwa, kisha unaangalia kila safu kama ni witiri au shufwa, yaani imebakiza moja au imegawanyika kwa mbili, safu nne, maumbo 16. Alipiga hesabu papo hapo: mbili kwa mbili mara nne ni 16, mara sita ni 64. Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa binamu asiyemjua. Sikumwambia kwamba bibi yangu hakutaka mpiga ramli akanyage kizingiti chake, na kwamba mimi mwenyewe nilikaa pale nikiwa na wasiwasi moyoni. Nilijiambia naangalia tu. Wangapi wameanza kwa kuangalia tu.

Tarehe 20 Septemba 2017 ilikuwa mosi ya mwezi wa nane kwa hesabu yao. Nilikuwa na oda ya seti elfu mbili za vikombe, kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Muuzaji mmoja alinipa bei iliyowaacha wengine mbali, kwa sharti moja: malipo ya awali yawe asilimia 60 badala ya 30 tuliyoizoea, na yaingie akaunti ya jina lake binafsi, si ya kampuni, eti kukwepa usumbufu wa benki. Kila mtu wa kazi yangu akisoma sentensi hiyo anajua mwisho wake. Mimi pia nilijua. Ndiyo maana nilishuka kwa Laoshi kuazima sarafu, yeye akiwa amekwenda kwa mwanawe Xiamen, mkewe akanipa bila kuuliza.

Usiku nikafunga mlango, nikauliza: je, oda hii itaniletea faida? Nikarusha. Kutoka chini: 8, 7, 7, 8, 7, 8. Hakuna mstari unaogeuka. Nikatafuta kwenye simu: gua ya 48, Jing, Kisima. Mistari mitatu ya juu ni maji, mitatu ya chini ni mti.

Maneno yake, kwa ninavyoweza kuyaweka katika lugha yetu, ni haya: mji waweza kuhamishwa, kisima hakihamishwi, hakipungui wala hakifuriki, watu huja na kwenda, wakiteka. Nikaona duka la Barabara ya Biashara, wateja wanaingia na kutoka, vikombe vinatekwa kama maji. Nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nikatuma dola 6,400.

Mwaka ule sikukuu ya taifa iliungana na ya katikati ya vuli, nchi nzima ikafunga kuanzia mosi Oktoba hadi tarehe 8. Muuzaji alisema mzigo utaingia tanuruni baada ya sikukuu. Sikukuu ikaisha. Tarehe 9 simu iliita bila kupokelewa. Tarehe 11 haikuita. Nilipofika Dehua na anwani mkononi nilikuta duka la tairi, na mwenye tairi alinikaribisha kiti kwa huruma, nadhani sikuwa wa kwanza.

Usiku ule niliporudi nilirusha sarafu mara nne. Je, fedha zitarudi? Je, nimripoti? Je, nimwambie mteja? Je, fedha zitarudi? Kila gua ilisema lake na sikumbuki hata moja. Nakumbuka sauti ya shaba kwenye meza ya plastiki, na jirani akigonga ukuta.

Nilimficha Laoshi mwezi mzima. Polisi niliwaandikia maelezo, fedha hazikurudi, mteja nikamlipa kidogo kidogo kwa kamisheni za miezi 14. Hayo nayapita upesi maana hayana somo lolote, ni uchungu mtupu.

Tarehe 18 Novemba ilikuwa mosi ya mwezi wao wa kumi. Nilishuka nikamweleza yote, nikitegemea aniambie sarafu zilikosea ama mimi sikuzirusha sawasawa. Aliuliza jambo moja: "Uliuliza nini hasa?" Nikamrudia swali langu. Akanyamaza, akamimina chai, akainuka kuleta kitabu chake kilichochakaa, akafungua Kisima, akaweka kidole mahali ambapo macho yangu hayakufika usiku ule. Baada ya watu kuja na kwenda wakiteka, sentensi inaendelea: kamba ikikaribia maji bila kuyafikia, au mtungi ukivunjika, ni balaa.

Kwenye simu yangu maneno hayo yalikuwepo. Nilirudi kuyatazama. Yalikuwa mstari mmoja chini ya kidole changu.

"Kisima hakina kosa," Laoshi akasema. "Dehua ina vikombe tangu enzi za Song na haitakwisha vikombe. Wewe ulipaswa kuuliza juu ya kamba yako."

Kisha akaniuliza nilirusha mara ngapi baada ya hapo. Nikasema nne. Akafungua gua ya 4, Meng, ambayo mimi sikuipata hata mara moja, naomba nieleweke, haikuja kimuujiza. Aliifungua tu kama mwalimu anavyofungua ukurasa wa zoezi. Meng ni ujinga wa ujana, chemchemi chini ya mlima. Inasema: si mimi ninayemtafuta kijana mjinga, ni yeye anayenitafuta mimi, akiuliza mara ya kwanza namjibu, akiuliza mara mbili, mara tatu, ni utovu wa adabu, na asiye na adabu simjibu. Mkewe, aliyekuwa akimenya karanga, akacheka. Mimi pia nikacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Akanipiga marufuku sarafu kwa miezi mitatu. Lakini hakuniacha mikono mitupu. Kumbe kila mwezi wa Kichina una gua yake tayari, haihitaji kurushwa. Mwezi wa kumi ni Kun, mistari sita yote imekatika, yin tupu. Wa kumi na moja ni Fu, yang moja imechomoza chini kabisa. Wa kumi na mbili zinakuwa mbili, wa kwanza tatu, hivyo hivyo hadi wa nne zinajaa sita, kisha wa tano yin moja inaingia kwa chini na safari ya kurudi inaanza. Mwaka mzima umekuwa kama maji kujaa na kupwa, ila kwa mistari. Agizo lake: kila tarehe mosi, usiku ambao mwezi haupo kabisa, kaa na gua ya mwezi huo. Soma yote, hadi mwisho. Andika daftarini, si itakuwaje, bali nimesimama wapi. Usiulize la pili.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka, wala si kwa imani.

Kun ya usiku ule ilinipa kazi. Mstari wake wa chini unasema: ukikanyaga sakitu, yaani umande ulioganda, barafu ngumu inakuja. Mimi mtu wa Mombasa sijakanyaga sakitu maishani, na Quanzhou yenyewe haina baridi ya hivyo. Ila nilielewa. Nikaandika orodha ya sakitu zangu: akaunti ya jina la mtu, picha za kiwanda zisizo na wafanyakazi, kuniharakisha kulipa kabla ya sikukuu, mimi kutompigia kaka yangu, ambaye huwa nampigia kwa kila oda. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Sikumpigia kwa sababu nilijua atasema usilipe. Sarafu nilizifuata kwa kuwa zisingenisemesha hivyo, au zingesema nami ningeruka mstari.

Mosi ya mwezi wa kumi na moja iliangukia tarehe 18 Desemba. Fu maana yake Kurudi: ardhi juu, ngurumo chini yake, umeme umelala udongoni. Maandiko yanasema siku ya saba inarudi. Na yanasema wafalme wa kale, siku jua linapogeuka, ile fupi kuliko zote kwao, walifunga malango ya mipakani. Wachuuzi na wasafiri hawakutembea, na mtawala hakuzuru majimbo yake. Nilisoma hayo mara tatu. Kila kitabu cha biashara nilichowahi kusoma kinasema ukianguka simama ukimbie. Hiki kinasema kitu kimeanza kurudi, kwa hiyo fungeni malango. Nguvu ikiwa changa hivyo ukiitumia inakufa.

Nikafunga. Siku 14 sikupokea oda mpya, nikawaandikia wateja wote. Mmoja alihamia kwa wakala wa Guangzhou na hajarudi hadi leo. Sitaki kupamba mambo. Tarehe 22 jua likageuka, mke wa Laoshi akapika tangyuan, vidonge vya unga wa mchele wenye kunata katika maji matamu, akasema ukila umeongeza mwaka. Nilikula bakuli mbili. Siku zile nikafanya kazi niliyoikwepa miaka miwili: nikatembelea kila kiwanda nilichokuwa nikinunua kwa simu, nikaona tanuru kwa macho, nikaandika jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni na akaunti kama ilivyo benki. Kamba, kama angesema Laoshi. Napima kamba.

Kuna jambo lilinichanganya mwanzoni, na kwa msomaji wa pwani litakuwa na ladha. Sisi tukisema mwezi mwandamo tuna maana ya ule uzi mwembamba unaoonekana magharibi baada ya magharibi, na usipoonekana mwezi haujaandama, hata mnajimu aape. Wachina tarehe mosi yao huipata kwa hesabu: ni siku ile mwezi na jua wanapokutana, kwa hiyo usiku wake hakuna cha kuona. Mwezi wao huanza gizani, wetu huanza na nuru ya kwanza, siku moja au mbili nyuma yao. Nilipomweleza Laoshi alichora haraka duara sita. Katika maandiko ya zamani yanayonasibishwa na Wei Boyang, wa zama za Han, kila sura ya mwezi ina gua yake ndogo ya mistari mitatu. Giza la mwisho ni Kun, mistari yote imekatika. Siku ya tatu, jioni, upande wa magharibi, inatokea Zhen, ngurumo: mstari mmoja mzima chini ya miwili iliyokatika. Siku ya nane nuru imefika nusu, Dui. Ya kumi na tano umejaa, Qian. Kisha unapungua kwa mpangilio huo huo.

Nikaitazama Zhen. Ni mwezi mwandamo wetu, kabisa, hata upande wa dunia ni ule ule. Na Fu, ile ya Desemba, ni Kun juu ya Zhen: giza lote juu, uzi wa nuru chini yake. Sikuwa na la kuongeza. Nilimpigia kaka yangu usiku huo huo nikamchorea kwa maneno, akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Kaka ni mtu wa dini kuliko mimi na hakunificha rai yake. Kutafuta ghaibu kwa sarafu ni haramu, basi, iwe za Kichina au za Lamu. Mwenye kutatizika ana istikhara: rakaa mbili na dua, ufanye jambo lako umtegemee Mungu. Sikubishana, na siku hizi istikhara naiswali kwanza. Lakini nilimwambia niliyoyaona katika daftari, kwamba tangu Novemba sijauliza hata mara moja kitakachotokea. Alisema kama ni hivyo, sarafu za nini? Ni swali zuri. Hata marufuku ilipokwisha, mwezi wa Februari, nimezirusha mara chache sana, na kila mara swali lilikuwa juu ya kamba: nikitaka kuanza jambo hili niangalie nini? Kisima kipo au hakipo si kazi ya sarafu, hilo nampelekea mkaguzi wa mizigo.

Nimeona mitandaoni watu wanaouza "nguvu za mwezi mpya": hirizi za jade, mishumaa, ushauri wa nusu saa kwa bei ya godoro. Nguvu ya mwezi niliyoishuhudia kwa macho ni moja tu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Gazi, na alijua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Mwezi ukiwa gizani au umejaa, maji hujaa sana na hupwa sana. Huko Quanzhou lipo daraja la mawe la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059, ambalo wajenzi wake walipandikiza chaza kwenye misingi ili magamba yaunganishe mawe. Siku za bamvua nilikuwa nikipanda basi hadi pale. Maji yakipwa, kina mama hushuka na visu na ndoo kutoa chaza, na unaona misingi ya daraja yote, matope, kamba zilizokatika, kiatu kimoja cha mtoto. Baada ya saa chache bahari inarudi kufunika. Daftari langu la tarehe mosi limekuwa hivyo. Maji yamekupwa, shuka uone.

Na yaliyoonekana hayakuwa niliyoyatarajia. Mwaka mpya wa Kichina wa 2018 ulikuwa tarehe 16 Februari. Kuanzia hapo niliandika kila mosi, miezi kumi na miwili, na mwisho wa mwaka nikakaa kusoma yote kwa mkupuo. Swali lilikuwa lile lile limebadilishwa nguo. Mwezi wa pili: je, nifungue ofisi Mombasa? Wa nne: nani atasimamia upokeaji wa mizigo bandarini? Wa saba: kwa nini sina raha na oda hii ingawa inalipa? Wa tisa, ambao gua yake ni Bo, mlima unaomomoka umebaki na yang moja kileleni, na maandiko yanasema tunda kubwa halijaliwa, niliandika bila kukusudia: mama magoti yake hayapandi tena ngazi. Halikuwa swali. Lilijiandika lenyewe katikati ya mambo ya viatu vya Jinjiang. Nilipomwonyesha Laoshi hakutoa tafsiri. Alinikumbusha tu hadithi yao kwamba maneno ya magua yalipangwa na Mfalme Wen akiwa mfungwa huko Youli, kisha akasema mfungwa haulizi atatajirika lini.

Viwanda vya Uchina hufunga mwaka mpya, na wakala hana kazi. Mwaka 2019 sikukuu iliangukia tarehe 5 Februari, nami nikaruka kwenda nyumbani. Sarafu zilikuwa ndani ya begi la mkononi, nimezifunga kwenye soksi kwa kuogopa maswali ya forodhani, ingawa sijui wangeuliza nini.

Tarehe 6 jioni, baada ya magharibi, tulipanda na kaka juu ya dari. Kwa hesabu ya Laoshi ilikuwa mosi imeshapita, tarehe mbili. Kwa hesabu ya nyumbani watu walikuwa wakisubiri mwezi wa mfungo tisa. Upande wa Changamwe kulikuwa na wingu refu, likasogea taratibu, na chini yake uzi. Kaka akainua mikono akasoma dua. Nikasoma naye.

"Umeonekana?" mama akaita kutoka chini. Zamani ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda.

"Umeonekana, mama."

"Alhamdulillahi. Basi shukeni. Na wewe mwanangu, lile bomba la jikoni ulilonitumia kutoka huko, tangu juzi linavuja. Nimeweka ndoo, imejaa."

Kaka akanitazama. Nikashuka kutafuta spana.